Sakafu ya Mzee Niliyoing'arisha

Baba yangu alisimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kabla sijazaliwa, akaniuliza, "Hapa ni wapi?"

Nikacheka.

Jamani, nilicheka mpaka nikashika kiuno. Nilidhani ndiyo namna yake ya kunisifu.

Ngoja niwape kisa tangu mwanzo. Na mwenye matusi ayaweke tayari, maana nitayastahili.

Mimi ni fundi samani, na kazi yangu hasa ni mikwaruzo. Mtoto kachora kabati kwa msumari, sakafu ya mbao imechubuliwa na miguu ya viti, naitwa mimi. Kwanza napitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, hiyo ni ya juu juu, nta inatosha. Ukikwama, hapo pana kazi: unga wa mbao na gundi, unaziba, unasubiri ikauke, msasa, halafu vanishi.

Lakini wanasema kinyozi hajinyoi. Miaka mitatu sikukanyaga kwa mzee. Kila siku ni simu tu, "nakuja, baba," na siendi.

Nilipofika, nikaona aibu. Sakafu kuanzia sebuleni mpaka koridoni imechanjwa chanjwa. Ukingo wa meza, fremu za milango, droo za kabati, kote hivyo hivyo.

Na haikuwa mikwaruzo ya kawaida. Kiti kikiburuzwa huacha mstari mrefu. Hii ilikuwa mifupi, imekatiza nyuzi za mbao, na kutoka mmoja hadi mwingine ni hatua moja. Hata mwanafunzi wa ufundi angejiuliza. Mimi mwenye miaka kumi na tisa kazini sikujiuliza. Nilitafuta wa kumlaumu.

Nikampata binti wa kazi.

"Wewe binti, hapa ulipitisha nini? Shoka?"

Akamtazama mzee aliyekuwa kwenye kiti chake. "Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe? Nyumba ya watu umeigeuza ubao wa kukatia nyama!"

"Mwache," mzee akasema. "Mimi nimeizoea nyumba yangu hivi hivi."

"Baba, mwanao ni fundi. Watu watanicheka."

"Watu gani wanaingia humu?"

Nilimwambia binti akusanye vitu vyake aondoke. Akafungua mdomo kutaka kusema, mzee akamuwahi: "Nenda, mwanangu. Usiseme kitu."

Akaenda zake, anajifuta machozi kwa mkono. Mimi nikaona nimetengeneza nidhamu.

Mzee nikampeleka kwa jirani siku mbili ili harufu ya vanishi isimuumize kifua. Alinishika bega njia nzima. Nikafurahi, nikajua mzee kanikumbuka.

Aisee, humo ndani nilipiga kazi. Nilipiga magoti mpaka yakavimba. Kila alama niliipitishia ukucha, na kila alama ukucha ulikwama. Nikaziba zote. Vanishi nikapaka mikono mitatu, mmoja ukikauka naongeza mwingine. Nikarusha picha kwenye kundi la familia, dada yangu mkubwa akaandika, "Mungu akubariki, mdogo wangu."

Siku ya tatu nikamrudisha. Ndipo aliposimama mlangoni, akapapasa fremu, akauliza lile swali lake.

Akavua viatu. Akatanguliza mguu, akapapasa sakafu kwa kidole gumba, kushoto, kulia.

"Ingia tu, mzee, haichafuki!"

"Umezitoa zote?"

"Zote. Hakuna hata moja."

"Haya," akasema. Akakaa kwenye kiti cha karibu, na pale pale akakaa mpaka tulipolala.

Kesho yake asubuhi niko nje naosha brashi, nikasikia kishindo.

Kutoka koridoni kwenda jikoni kuna ngazi moja ya kushuka. Mzee alikuwa chini yake, mguu umepinda vibaya, kikombe kimevunjika pembeni. Alikuwa anakwenda kujitengenezea chai.

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Yule binti alikuja hospitalini, sijui nani alimpasha habari. Hakunisalimia. Alinivuta nje ya wodi.

"Kaka, baba yako haoni. Mwaka wa pili huu."

"Unasema nini wewe?"

"Zile alama alichonga mwenyewe kwa patasi, mimi nikimpimia hatua. Alama moja, nyoosha. Mbili, mlango. Tatu, ngazi, simama. Alikuwa anazisoma kwa miguu na vidole. Aliniapisha. Alisema, wanangu wakijua watanitoa kwangu."

Nilitazama kucha zangu, bado zina vanishi.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Dada yangu mkubwa akafika, analia. Tukasimama kando ya kitanda, binti naye kajisogeza miguuni pa mzee.

"Imekuwaje? Na mfanyakazi alikuwa wapi?"

Ulimi ulikuwa wangu. Ningeweza kusema.

Nikasema, "Aliondoka. Mzee akabaki hana mtu, akateleza."

Dada akamgeukia binti. "Umemtelekeza baba yetu? Huna haya?"

Binti alinitazama. Mimi nikatazama dirishani. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mzee akageuza uso upande niliokuwa nimesimama. "Mwanangu," akasema taratibu, "ningekuwa naona, ningekutazama."

Dada akadhani ni dawa za maumivu zinaongea.

Leo mzee anaishi kwangu. Amekaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi, akitaka choo anaita, mtu amshike mkono. Ndicho alichokuwa anakikimbia. Nimemwomba radhi mara nyingi, jibu lake ni "haya," basi.

Binti nilimtafuta nikampata. Hakunifungulia mlango. "Kawaambie ndugu zako kwanza," alisema kupitia dirishani.

Sijawaambia. Wanajua sasa kwamba baba haoni. Kwamba niliifuta njia yake, nikamfukuza aliyekuwa anamsaidia, kisha nikamsingizia, hilo hawalijui. Ninyi nisiowafahamu ndio wa kwanza.

Ukifika kwa mzazi wako ukakuta kitu kimekaa ovyo, usikimbilie kukitengeneza. Kaa chini, uliza kinamsaidia nini. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Na sifa nimezipata. Juzi dada alipiga simu, nikaweka sauti kubwa ili mzee naye asalimiwe. "Mdogo wangu," akasema, "katika sisi wote, wewe ndiye uliyejua kumlea baba. Mungu atakulipa."

Mzee alikuwa kando yangu, anasikia.

Nikaitikia, "Amina."