Wanaume Sita na Gogo Moja

Msimu huu wa mvua binti yangu wa darasa la kwanza amekosa shule siku nyingi kuliko alizohudhuria, na kinachomzuia hata mto si mto. Ni kijito tu hapa Pito, kiangazi unakiruka na ndoo kichwani. Mvua ikinyesha kule juu, maji yanamfika mtoto kifuani, na daraja letu la miti lilishaondoka nayo.

Mtaa ukaitisha mkutano. Mkutano ukachagua kamati, kamati ikakaa kuchagua mwenyekiti wake, mwenyekiti akasema barua ya kuomba kalavati haiandikwi mpaka katibu arudi kutoka Kasesya kwenye biashara zake. Katibu akarudi, barua ikaenda mjini, jibu likaja kwamba kalavati letu limeingizwa kwenye mpango. Watu wakapiga makofi. Basi, tukakaa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba, mtoto mdogo mgongoni, nikaona siafu wamefika kwenye mfereji wa maji. Wa mbele wakashikana miguu, wengine wakapanda juu yao, na muda si muda kundi zima likawa linavuka, wamebeba watoto wao weupe. Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha kwamba malkia wao hatoi amri yoyote, anataga tu. Kila mmoja anafanya kinachotakiwa pale alipo. Kidato cha pili niliandika hivyo kwenye mtihani bila kufikiri. Siku ile nilifikiri, nikapandwa na hasira.

Nikamwambia mume wangu. Tulikuwa na mkaratusi umeshaangushwa, basi yeye na kaka zake wakauburuta kwa ng'ombe na kuulaza juu ya kijito. Binti akaenda shule siku tatu mfululizo.

Siku ya nne nikakuta wanaume sita wanaliondoa gogo. Hakuna mkutano, hakuna barua. Wawili mbele, wawili katikati, wawili nyuma, kila mtu anajua pa kushika. Sijawahi kuona wanaume wa mtaa huu wakifanya kazi vizuri namna ile. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama pembeni. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamuuliza kulikoni. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba injinia anaweza kuja kukagua siku yoyote, na akikuta watu wanavuka ataandika hakuna shida, kalavati liende mtaa mwingine.

"Na mwanangu avuke na nini?"

"Mbebe, mama. Mgongo si unao?"

"Mgongoni yupo mdogo wake."

"Hilo kamuulize mumeo, alikuwa na haraka gani," akasema mmoja wa wale sita. Wakacheka, wakaliachia gogo, likabiringika mpaka kwenye matope ya bondeni.

Kinachoniuma ni kwamba mwenyekiti anaweza kuwa anasema kweli. Nikilirudisha, mimi ndiye nitakayekuwa nimewakosesha watu wote kalavati. Mume wangu amegoma kuligusa tena. Nilishuka mwenyewe na kamba nikavuta mpaka viganja vikachubuka, halikusogea hata kidogo. Injinia hajaja.

Leo asubuhi binti alikuwa amekaa mlangoni, sare mwilini, viatu mkononi, akaniuliza kama maji yamepungua. Nilikuwa nimetoka kuyaangalia. Nikamwambia avue sare isichafuke.