Maji ya Bahari Kimara

Mdomo wangu ndio uliomponza Auleria, kwa hiyo acha niseme mwenyewe.

Tulipanga nyumba moja Kimara, mlango kwa mlango. Kila mwezi dada huyu wa Bukoba alirudi na madumu ya maji ya bahari, akaziba dirisha kwa blanketi, akajifungia gizani. Mjini hapa watu huyaoga maji hayo kuondoa nuksi. Basi mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia mwenye nyumba, Mama Genoveva, kwamba amempangisha mganga.

Jumapili jioni tukamgongea. Akafungua mlango kiasi cha uso tu.

"Washa taa tuone," Mama Genoveva akasema, akapenyeza mkono kutafuta swichi.

Auleria alikuwa ameshaifunika kwa kiganja. "Siwashi, Mama. Nachuja maji. Karatasi inanasa vijimea vya bahari, vidogo mno kuonekana. Rangi ya vijimea hivyo ndiyo inayonionyesha ni vingi kiasi gani, na mwanga unaiharibu. Maabara yetu inakarabatiwa tangu mwaka jana, ndiyo maana nachujia huku. Huu mwezi wa kumi na mbili tangu nianze kupima. Ukiwasha, mwaka wangu wote una pengo."

"Na hayo uliyochuja mbona bado yana rangi ya chai?" nikadakia, maana niliiona chupa mkononi mwake.

Akaificha chini ya khanga. "Majani ya mikoko yameozea humo, yakayeyuka. Yaliyoyeyuka hayanasi, sista. Nayo nayapima."

"Mwisho wa mwezi uhame," akasema Mama Genoveva.

Asubuhi nikamsikia Mama Genoveva amerudi mlangoni kwake peke yake, na ndoo tupu. Alikuwa ananong'ona. "Mwanangu Praygod mwaka wa tatu hana kazi. Nipe hata nusu ndoo aoge, chumba ubaki nacho."

Mimi ningempa, tena na dumu juu.

"Maji yamebaki, Mama, ila sikupi. Nikikupa nimekubali kwamba mie mganga. Mie mtaalamu wa bahari. Mpeleke Kunduchi akaoge, bahari haina mlango. Na mie nifukuze hivyohivyo."

Akafukuzwa. Siku ya kuhama nilimwomba radhi, akaendelea kufunga mizigo. Getini alimwamkia Mama Genoveva shikamoo kamili, kichwa juu, akapanda kirikuu, kigari cha mizigo. Kisha akaninyooshea mikono nimpe sanduku la barafu nililombebea, lenye karatasi zake za kuchujia.

"Taratibu," akaniambia. "Miezi kumi na miwili hiyo."