Majipu Yalimjua kwa Kila Jina

Watu wa kwetu wananijua kwa kushika majina. Shule sikusoma sana, lakini niulize niliosoma nao ubatizo, niulize hata ng'ombe wa baba yangu kule Mbeya, nitakutajia mmoja mmoja. Humu lakini sitamtaja mtu. Ni habari ya binti yangu wa kwanza na majipu yake, na majina yamo ndani yake, utaona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nimeolewa Iringa, mume wangu anaendesha lori la mizigo kwenda Mbeya na kurudi, anaonekana nyumbani kama mgeni. Tulikuwa mimi, mama mkwe wangu na mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Jipu la kwanza lilimtoka pajani. Jekundu, gumu, ukiligusa lina moto. Tukalikanda kwa maji ya chumvi, likaiva, likapasuka, usaha ukatoka na kiini chake. Tukashukuru Mungu. Halafu likatokea lingine kwapani, na lingine kichogoni.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Jipu linaingia kutoka nje, au linaota ndani? Kama linaota, mbegu kapanda nani? Nilikuwa namgeuzageuza mtoto juani, natafuta tundu lilipoingilia jipu. Sikuliona.

Nikampeleka hospitali. Dresa, ndivyo tulivyowaita waliofunga vidonda na kuchoma sindano, akamchoma penisilini. Enzi zile penisilini ilikuwa na sifa. Watu walitembea kutoka mbali kuifuata, na asiyechomwa alirudi kwake amenuna. Majipu yakanywea. Hatukukaa sana, yakarudi.

Mama mkwe aliyatazama akasema, "Jina limemkataa."

Mtoto mwenye ugonjwa wa kurudirudi hubadilishwa jina. Ugonjwa ukija unauliza, fulani yuko wapi? Unajibiwa, hapa hayupo mtu wa jina hilo. Basi unapita. Na lile la zamani halitamkwi tena, hata kwa bahati mbaya, maana ukilitamka umeuonyesha mlango. Mama mkwe akampa mtoto jina la shangazi yake marehemu. Tukalizoea. Yalipotoka mengine nikaenda hospitali na jina hilo, akachomwa. Safari hii yalinywea kidogo tu. Akapewa jina lingine, la upande wa babu. Tukaenda tena, sindano ileile, na majipu hayakujali. Mchungaji naye anasubiri kubatiza, kila akiuliza anaambiwa bado.

Kisha likamtoka moja chini ya jicho. Uso ukavimba, jicho likafumba. Nilimfunga mgongoni, jina jipya kabisa kichwani mwangu, nikashika njia ya hospitali. Njiani nikafumba jicho langu moja, nione dunia itakuwaje kwake likipotea. Nikajikwaa, karibu tuanguke wote wawili. Nikalifumbua, na hofu ikanishika kwelikweli.

"Kamwene, mama," dresa akanisalimu. "Jina la mtoto?"

Nikamtajia.

"Mgonjwa mpya?"

"Mpya." Ningesemaje? Kusema si mpya ni kuuambia ugonjwa kwamba ndiye huyu.

Akamfungua nguo mtoto, amgeuze amchome. Akasita. Binti yangu ana kijinyama kidogo mbele ya sikio, amezaliwa nacho. Dresa akakishika kwa vidole viwili.

"Kisikio hiki nakijua. Mama, una watoto wangapi?"

"Huyu tu."

"Na yule uliyemleta wakati wa mvua?"

"Huyu."

"Na mwenye jipu la kichogoni, wakati wa kuvuna?"

"Huyuhuyu."

"Mbona kila mmoja alikuwa na jina lake?"

Wanawake kwenye benchi wakaangua kicheko. "Mwache, dresa," mmoja akasema, "anazaa mtoto mmoja kwa mafungu!"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Hakunicheka. Akaweka sindano chini, akaenda kumwita bwana mganga, daktari Mzungu aliyekuwa anasema Kiswahili cha kukatakata. Huyo naye akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo penisilini imeshindwa siku nyingi," akasema. "Sisi kila mara tunaanza upya, tunadhani ni mtoto mwingine."

Akalipasua lile jipu taratibu, akachukua usaha kwa pamba. Akasema anakwenda kuuotesha. Kuuotesha! Nilirudi nyumbani na neno hilo. Mama mkwe aliposikia akasema, "Usaha unaota? Twende wote, nikaone."

Siku tuliyoitwa tukaonyeshwa kisahani cha kioo chenye mfuniko. Ndani kulikuwa na kitu kama mchuzi wa kongoro ulioganda, na juu yake madoa madogo ya rangi ya dhahabu, yamesongamana kama ulezi uliomwagwa na mkono mzito. Katikati palikuwa na vikaratasi vya mviringo.

"Madoa haya ndiyo wadudu wa majipu. Kikaratasi hiki kina penisilini," akasema bwana mganga.

Nikainama. Wale wadudu walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama majani yanavyoota hadi kizingitini mwa nyumba iliyohamwa. Lakini karatasi nyingine ilikuwa na nafasi nyeupe kuizunguka pande zote, kama uwanja uliofagiwa.

"Hapo nani kapalilia?" nikauliza.

"Dawa nyingine. Ndiyo tutakayompa."

Mama mkwe hakutoa macho kwenye kisahani. "Hawa wametoka kwa mtoto wetu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wana jina?"

Bwana mganga akalitaja. Refu, linakwaruza koo.

"Ndiyo maana hawasikii," akasema mama mkwe. "Na jina kama hilo, nani angesikia? Wabadilishieni wao."

Dresa alicheka mpaka akashika ukuta.

Dawa ilikuwa vidonge vya ganda; unafungua kimoja, unamwaga unga wa njano, mchungu, nikauchanganya na asali. Tukaambiwa tuchemshe mbeleko na nguo zake, tusimkamue kwa vidole, na kitambaa chake cha kujifutia kiwe chake peke yake. Uvimbe ukashuka. Asubuhi moja jicho likafumbuka, likanitazama mimi, kisha kuku.

Lakini kiangazi jipu likatoka tena, takoni. Nikamwangalia mama mkwe, nikijua atakachosema.

"Mama, tumpe jina gani sasa?"

Alimpakata mtoto. Alikuwa amezika watoto, yule mama, na kila mmoja aliamini angemwokoa kama angewahi kumbadilisha jina.

"Wale wa kwenye kisahani walimpata kwa kila jina," akasema. "Waliopotea njia ni waganga wa hospitali peke yao. Mwache na hili."

Nikampeleka hospitali. "Jina?" dresa akauliza.

Nikamtajia.

"Lilelile?"

"Lilelile."

Hakushika sindano. Alikwenda moja kwa moja kuleta vidonge vya njano. Mchungaji akambatiza kwa jina hilo mwaka uleule. Majipu yalimtembelea tena mara mojamoja, madogo, hadi yakachoka. Jicho lilipona. Meno yake yalitoka ya kahawia. Miaka mingi baadaye tukaambiwa ni ile dawa.

Sasa naye ni bibi. Juzijuzi ameniuliza, "Mama, yale majina mengine yalikuwa yapi?" Ninayo yote. Jina lililonishinda maishani ni moja tu, la wale wadudu.

Nilimtazama kwanza shingo, nikamfunua mikono, nikachungulia nyuma ya sikio. Hakuna jipu. Nikamwambia asogee, nikamtajia kwa kunong'ona.