Kwa Mwenye Eda, Bagamoyo

Nilikwenda Bagamoyo kumwombea kijana ruhusa ya kumwona mama yake. Sikutumwa na ofisi yoyote. Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, na mwanangu mwenyewe ni wa namna ya kijana huyo. Tupo wazazi wachache wa watoto kama hao, tunatembeleana. Mwenzetu akikwama, mmoja wetu hujifunga kitenge akaenda. Safari hii zamu ilikuwa yangu, na ulimi wangu hauna breki, lakini mimi ndiye niliyekuwepo.

Kijana anaitwa Idrisa, ana miaka ishirini. Alizaliwa akalelewa kama binti, ila tangu utotoni anajijua kuwa ni mvulana. Alipolisema hilo nyumbani, baba yake mdogo, Mzee Athumani, alimfukuza, na baba mzazi akanyamaza. Baba huyo alifariki wiki tatu kabla ya safari yangu, Idrisa akapata habari maziko yamekwisha. Mama yake, Bi Zuhura, anakaa eda: miezi minne na siku kumi hatoki, wala haonani na mwanamume anayeweza kumuoa. Kijana alitaka jambo moja tu, amshike mama yake mkono ampe pole.

Saa tatu asubuhi tulishuka Kerege. Sikuthubutu kumfikisha mjini kabla sijajua hali ikoje, nikamwacha kwa muuza chapati ninayefahamiana naye, kando ya barabara.

"Shangazi, wakikubali nipigie, nitadandia bodaboda saa hiyo hiyo," aliniambia. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi likanyooka. Chai hakuigusa.

Bagamoyo niliingia kabla ya adhuhuri, nikachukua bajaji mpaka mtaani kwao. Mzee Athumani alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kutoa pole, au umetumwa na yule?"

"Vyote viwili," nikasema. Akanipisha, maana nyumba ya msiba haimfungii mtu mlango.

Chumbani, Bi Zuhura alikuwa mkekani na nguo zake nyeupe za eda. Jambo la kwanza nililoliona ni miguu yake, imevimba hata vifundo havionekani. Alisema ni presha, na kwamba hospitali atakwenda, atakwenda. Nilipomweleza kuwa mwanawe yuko Kerege anasubiri, alijifunika uso kwa mtandio akalia.

Sauti ya Mzee Athumani ikatoka nyuma ya pazia la mlango. "Si anajiita mwanamume? Basi mwanamume haingii kwa mwenye eda."

Bi Zuhura akafuta macho. "Shemeji, awe wa kiume, awe wa kike, yule nimemzaa mimi. Eda haimzuii. Mwanamume nisiyeruhusiwa kuonana naye katika nyumba hii ni wewe, na ndiyo maana unasemea huko nje ya pazia."

Moyo wangu ulipiga vigelegele. Nikaanza kutafuta simu kwenye mkoba.

"Haya, mleteni," mzee akasema taratibu. "Ila vijana wa mtaani nimeshawaambia. Wakimfanya lolote, mimi sitoki hapa nilipo."

Hasira zilinipanda, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Bi Zuhura alinishika goti. "Rudisha simu, dada. Mwambie asije."

Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. "Nguo za marehemu zimeshagawiwa, na kanzu zake kachukua huyo aliye nje. Hii niliificha. Nilimshonea mwenyewe mwaka tuliooana. Kampe mwanangu. Mwambie nikitoka eda, mlango wa kwanza nitakaobisha hodi ni wake."

Alasiri nilirudi Kerege. Idrisa aliniona nikivuka barabara, akasimama. "Twende?" Nikatikisa kichwa. Akakaa tena kwenye benchi, na mimi nikakaa pembeni yake nikamsimulia, nikampa kofia. Aliivaa, ikamshuka mpaka masikioni.

"Imekukaa," alisema muuza chapati. Ulikuwa uongo wa wazi, na hakuna aliyecheka.

"Alisema 'kampe mwanangu'? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo." Jina la Idrisa mama hakulitaja, nami sikumwongezea. Kijana akatoa simu, akahesabu miezi kwa kidole, akasema imebaki mitatu na ushei. Kisha akauliza, "Lakini mama mzima?"

"Mzima," nikamwambia.

Jioni nilikuwa Magomeni. Mwanangu alikuwa amepika wali, akaniuliza safari ilikuwaje, nikasogeza sahani pembeni. Miaka yote hii nilidhani ukishinda hoja, mlango unafunguliwa. Bagamoyo nilijifunza kwamba mama anaweza kushinda, sheria ya dini ikawa upande wake, na mwanawe bado akabaki kando ya barabara.

Tangu hapo Idrisa hunipigia kila Ijumaa, baada ya sala, kunitajia siku zilizobaki. Namjibu kwa sauti ya kuchangamka. Ile miguu sijamwambia.