Bwana Mbele na Namna ya Kuinuka

Juzi kifuniko cha sufuria kilibiringika chini ya jiko. Nikapiga magoti kukitafuta, na wakati wa kuinuka goti langu likakataa. Sikuhangaika. Nililala kwa ubavu, nikaegemea kiwiko, nikaweka viganja chini, nikaleta mguu mmoja mbele, nikashika goti. Hatua tano, kisha umesimama. Sikuzisoma kitabuni, ingawa mengi ninayoyajua nimejisomea mwenyewe maktabani. Hizi nilizipata Tottenham, London, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo ambalo halipo tena.

Unalijua jengo la aina hiyo hata kama hukukaa London: redio za watu zikisikika ukutani, na harufu ya vitunguu vya kila nyumba ikikutana kwenye korido. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee na alitoka na basi la alfajiri. Mimi nilibaki na nyanya, aliyekuja kutoka Voi na mkeka wake, na ambaye kila nilipotoka shule nilimkuta ameuketia jikoni akichambua maharagwe.

Nyumba ya jirani aliishi mzee aliyekuwa mchezaji wa raga. Si ile ya watu kumi na watano tunayoizoea Kenya, bali ile ya watu kumi na watatu, inayopendwa zaidi kaskazini mwa Uingereza, alikotoka akiwa kijana kuja kuchezea timu moja ya London. Alikuwa mmoja wa wale wazito ambao kazi yao ni kubeba mpira na kuingia nao moja kwa moja kwenye ukuta wa watu. Masikio yake yalikuwa yamevimba na kukunjamana kama maandazi yaliyokandamizwa mfukoni. Nyanya aliponiuliza alicheza nafasi gani, nilitafsiri nilivyoweza: "Ni mtu wa mbele." Tangu siku hiyo akawa Bwana Mbele.

Alikuja kwetu saa ya chai. Siku moja alichukua kabichi mezani atuonyeshe mchezo. Mtu akiangushwa, alisema, anainuka upesi, anaweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa unyayo, na mwenzake aliye nyuma anauokota. Kabichi likabiringika hadi mkekani.

"Mtu wa mbele, na mpira anaurudisha nyuma?" nyanya alicheka. "Mwambie hilo kabichi ni la jioni."

Nikatafsiri. Nikamuuliza pia kwa nini hakuangalia anaupeleka wapi.

"Huangalii," akasema. "Unajua yupo."

Kisha akaanza kuanguka. Kwanza bafuni, halafu kwenye korido, alipolala mpaka mama aliporudi kutoka kazini. Kaunsili ya mtaa ikaandika barua: atakuja mama mmoja kumtazama, na kama hawezi kuinuka mwenyewe kutoka sakafuni, atahamishiwa nyumba ya wazee, mbali, ng'ambo ya mto. Alitusomea barua hiyo mara mbili. Mara ya pili sauti yake ilikuwa chini kuliko ya kwanza.

Akaanza kujizoeza kwenye zulia letu. Alijitupa juu kwa nguvu za kifua, kama zamani, akafika nusu, akarudi chini kwa kishindo kilichotikisa vikombe.

"Muulize nani anamkimbiza," nyanya akasema.

"Ukichelewa kuinuka, wale wa upande wa pili wanajipanga," alijibu akihema. "Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuinuka kabla hawajajipanga."

"Mwambie wameshaenda nyumbani. Wamezeeka hao pia." Nyanya akajilaza mkekani, na gauni lake na kilemba chake, akageukia ubavu. "Haya, Bwana Mbele. Nitazame mimi."

Nazikumbuka wiki hizo kama ndoto moja ndefu ya mwanga wa alasiri: maharagwe yakitokota, dirisha limejaa mvuke, wazee wawili wamelala sakafuni wakitazama dari, na mimi katikati nikigeuza ubavu kuwa Kiingereza, kiwiko kuwa Kiingereza. Baada ya siku kadhaa hawakunihitaji tena.

Mama wa kaunsili alikuja na fomu zake, akatukuta sote nyumbani kwa mzee. Bwana Mbele akajilaza chini, nami nikahesabu moyoni. Ubavu. Kiwiko. Viganja. Mguu ukakwama kwenye zulia, na yule mama akasogea kumsaidia.

"Mwache," nyanya akasema kwa Kiswahili, na akaeleweka.

Mguu ukaja. Mkono ukashika goti. Akasimama, uso mwekundu, akiyumba kidogo. Kisha, sijui kama alikusudia, akainama kama anayeweka kitu chini, akasukuma hewa nyuma kwa unyayo. Hakugeuka. Nyanya, aliyekuwa nyuma yake, akainama, akaokota kile kisichokuwapo, akakitia kwapani na kwenda nacho jikoni.

Hakuhamishwa. Aliishi pale hadi mwisho wake, na nyanya akamfuata baada ya miaka michache. Jengo likabomolewa; mwaka jana nilipita hapo kwa basi nikahesabu ghorofa hewani mpaka ya tatu. Nimetafuta maktabani habari za Bwana Mbele za uwanjani, kwa utaratibu, gazeti baada ya gazeti, na nilichopata ni jina lake kwenye orodha chache za timu, kwa herufi ndogo, bila neno lolote pembeni. Hakuna aliyeandika alivyokuwa akiinuka.

Lakini juzi, nikiwa nimeshasimama jikoni na kifuniko mkononi, unyayo wangu ulisogea nyuma kidogo, wenyewe. Sikuangalia.