Rubani Ambaye Hakufika Mwezini

Sauti ninayo, sikatai, na kiburi chake ninacho pia. Kila Jumamosi mchana, kwenye redio yetu ndogo ya Kolwezi, nilikuwa nasimulia maisha ya rubani mmoja Mmarekani, kipande kwa kipande, kutoka katika kitabu cha Kifaransa ambacho kaka yangu aliniachia alipohamia Dilolo. Rubani huyo alikuwa mwanajeshi wa majini. Kazi yake ilikuwa kujaribu ndege mpya kabla wengine hawajaruhusiwa kuzirusha. Anapanda, anaruka, akijaliwa anashuka mzima, kisha anakaa mezani na kuandika ripoti: ndege imefanya hivi, imekataa hivi. Anaandika alichokiona, si kile wakubwa wanachotaka kusikia.

Wasikilizaji hawakunionea haya. Niliposema kwamba ndege yake inatua juu ya meli na kunaswa kwa kamba ili isitumbukie baharini, mama mmoja wa Mutoshi alipiga simu nikiwa hewani: "Mama, hapo unatudanganya! Ndege itasimama namna gani juu ya bwato?" Nilicheka mpaka fundi mitambo akaweka muziki.

Nilikuwa na tabia mbaya ya kukata hadithi pale inapokolea. Jumamosi moja nilieleza jinsi alivyoomba kwenda angani akakataliwa, akaomba tena akakubaliwa, akafundishwa kwa miaka, akaizunguka dunia mara moja na kurudi salama. Sasa jina lake limewekwa kwenye orodha ya watakaokwenda mwezini. "Je, alifika?" nikauliza. "Tukutane Jumamosi." Nikazima kipaza sauti, nikijisifu moyoni.

Siku ya tatu yake nilimkuta mama mmoja mtu mzima ananisubiri mlangoni pa redio. Mume wake, alinieleza, alikuwa mjaribu wa makamyo ya mgodini, yale malori makubwa ambayo gurudumu moja linampita mtu urefu. Kamyo likitoka gereji, yeye ndiye anayelipanda kwanza, analipeleka kwenye mteremko, anapima breki. Asipotia saini, hakuna dereva anayeshuka nalo shimoni. Sasa yuko hospitali, mapafu yamechoka.

"Munganga anasema samedi ni mbali," akaniambia, yaani daktari haoni kama mume wake ataifikia Jumamosi. "Na ye iko anauliza tu: ule tata wa ndege, alifika? Twende umwambie alifika ku mwezi, mama. Aende na roho nzuri."

Kitabu nilikuwa nimekwisha kukisoma chote. Rubani hakufika. Madaktari waligundua ubovu kwenye mgongo wake, wakafuta jina lake, wakampa meza na kipaza sauti awe anazungumza na wenzake walioruka. Mwanzoni nilikasirika, maana mimi si mtu wa kupangiwa hadithi. Kisha nikamtazama yule mama, midomo imemkauka kwa kusimama juani, nikaona aibu. Nikamfuata hadi hospitali.

Mzee alikuwa amelala karibu na dirisha, amekonda, macho kayafumba. Mke wake alimwambia ni nani amekuja. Akanyoosha mkono nikaushika, na nikaanza kudanganya kwa sauti yangu nzuri ya Jumamosi. Nilimpeleka rubani mwezini. Nikamteremsha kwenye ngazi, nikamkanyagisha vumbi, nikamwokotesha mawe. Nilinogewa kabisa, Mungu anisamehe.

"Na kisha?" mzee akauliza. "Mu rapport yake aliandika nini?"

"Aliandika... kwamba safari ilikuwa nzuri, tata."

"Mashini ilimusumbua wapi?"

Hilo sikuwa nimelitunga. Mzee akafumbua macho, akanitazama kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenifokea.

"Mama, uko unasaini kamyo yenye hauyapanda. Uniambie tu yenye ulisoma."

Nilimtazama mke wake. Aliinamisha kichwa. Basi nikasema yote: mgongo, madaktari, jina lililofutwa, meza. Nikasema pia kwamba kwa miaka rubani huyo aliwasindikiza wenzake kwa sauti tu, wao wakienda, yeye akibaki. Nilipomaliza nilijua nimemharibia mtu siku zake za mwisho, na machozi yalikuwa yananitoka.

Mzee alivuta pumzi kwa shida. Kisha akasema, si kwangu, kwa mke wake:

"Mi pia balinitoa mu makamyo."

Mama yule akasogea karibu na kitanda.

"Macho yangu. Miaka mbili ya mwisho nilikuwa ku barrière, pa mulango ya mgodi, nafungua, nafunga. Kila asubuhi navaa salopeti yangu ya kazi, natoka nayo nyumbani, bajirani banasema: mjaribu anaenda. Niliona haya kukuambia. Lakini kama hata ule tata, mwenye alikuwa anashukisha ndege juu ya maji, balimukalisha ku meza..." Pumzi ikamkatika, akangoja irudi. "Unisamehe, mama."

Mke wake alimfuta jasho la shingoni kwa ncha ya kitenge chake.

"Nilijua, tata. Tangu wiki ya kwanza. Ni mi nilikuwa nafula ile salopeti na sabuni. Haikukuwa tena na mafuta."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa naipakaa mafuta ya mashini kidogo, kabla ya kuianika," akamjibu. "Ili bajirani basijue."