Valvu Hazipimwi Baridi

Fundi wa cherehani hakuwa mtu wa kuzugwa. Aliposoma karatasi ya mwenyekiti wa klabu ya redio, kwamba amplifaya aliyoiacha klabuni, mtambo wake wa kukuza nguvu ya redio, imekufa, hakufika hata mstari wa mwisho kabla ya kujua kuwa kuna mtu amezimezea mate valvu zake.

Amplifaya ile aliijenga mwenyewe kwa miaka minne, juu ya meza ileile anayotengenezea cherehani za mtaa mzima. Koili za kuingizia, zinazopokea nguvu kutoka kwenye redio na kuifikisha kwenye valvu, alizizungusha kwenye mpini wa bisibisi. Valvu zenyewe zilikuwa mbili, chupa za glasi nene zinazoikuza nguvu hiyo, na kwa hizo alizungumza na watu wa mabara ambayo hatayakanyaga. Aliiweka klabuni kwa sababu mlingoti wa antena ulikuwa huko. Sasa kanuni ya klabu ilisema mtambo uliotangazwa kufa mle ndani ni mali ya klabu. Jumamosi ungefunguliwa, na valvu zihamie kwenye amplifaya ya mwenyekiti, iliyogoma tangu mwaka jana.

"Wifi, iache iende," mke wa kaka yake, katibu wa klabu, alimwambia Jumamosi hiyo mlangoni pa klabu. "Utabishana na mhandisi kwa elimu ya kurekebisha cherehani?"

"Kaka yangu alikuoa hujui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mbona hatukukurudisha?"

Wifi akacheka, lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi, na kwenye daftari la klabu ameshaandika "Imekufa".

Mwenyekiti, mhandisi mstaafu mwenye sauti ya mahakama, aliunga kipimo chake kwenye mlango wa kuingizia mbele ya wanachama. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Sindano ya nguvu inayorudi ikaruka hadi mwisho.

"Mnaona? Nguvu haiingii. Yote inarudi."

"Valvu ziwake kwanza," akasema fundi.

"Za nini? Kipimo ni kipimo, mama."

Hapo moto ukamwakia kifuani. Miaka thelathini alikuwa akiwagombeza watu kwa kosa hilohilo: wanakaza na kulegeza uzi wa cherehani isiyo na kitambaa, kisha wanasema mashine mbovu. Cherehani tupu hukudanganya mchana kweupe. Na valvu baridi, isiyopitisha umeme, ina tofauti gani?

"Wewe umepima maiti kwa sababu umeizima mwenyewe," akasema. "Sogea."

Watu wakaguna. Hakujali. Aliunga redio, mita na antena, akawasha, akasubiri valvu ziive rangi ya chungwa, kisha akabonyeza kitufe cha kurusha, redio ikiwa kwenye nguvu ileile anayotumia kila siku. Sindano ikasimama katikati.

"Bado inarudi," akasema mwenyekiti.

"Umesema yote. Hii si yote."

Akazima. Akasubiri, akagusisha fimbo yenye waya wa ardhini ili kuumaliza umeme unaobaki na kuua watu, ndipo akafungua kifuniko. Koili moja ilikuwa imebanana. Huenda iligongwa mtambo ulipokuwa ukisogezwa. Akaitanua kidogo kwa kucha, akafunika, akawasha, akapima. Sindano ilishuka kidogo tu. Akazima tena, fimbo tena, kucha tena. Mwenyekiti akatazama saa yake mara mbili. Fundi aliogopa, tusidanganyane. Lakini kuogopa si kuondoka.

Mara ya tatu sindano ikalala chini kabisa, na ile ya nguvu inayokwenda kwenye antena ikapanda mpaka mahali pake pa zamani. Akaita hewani. Baada ya muda sauti ya mtu wa mbali ikamjibu kwa jina lake la redio, safi, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Wifi akashika kalamu kufuta neno "Imekufa" kwenye daftari.

"Usilifute," akasema fundi. "Andika mbele yake nani aliipima, na kwamba ilikuwa imezimwa."

Wifi akaandika, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake.

Walipobaki wawili, mwenyekiti alijikohoza. Valvu zake za zamani alikuwa amezitupa mwaka jana, akaeleza, baada ya kuzipima. Hakusema alizipima vipi.

"Nina nyingine kabatini, nazo nilidhani zimekufa. Ungeweza kuitazama amplifaya yangu?"

"Ilete," akasema fundi, akikunja waya wake. "Ila foleni ipo. Mbele yako kuna cherehani nne."